Udadisi darasani hauji kwa kumwachia mtoto

Wanaopinga ufundishaji wa udadisi, yaani kufundisha kwa kuanzia kwenye swali ambalo watoto wanalichunguza, katika shule za msingi wana makala moja wanayoikimbilia kila mara. Ilitoka mwaka 2006, waandishi wake ni Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark, na hoja yake si ngumu kuieleza. Kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu ni finyu. Mtoto asiyejua lolote kuhusu jambo, akiachwa alitafute mwenyewe, kichwa humjaa vitu visivyo na kazi kabla hajalifikia lile lenye kazi. Basi mfundishe waziwazi kwanza. Mwaka uliofuata Cindy Hmelo-Silver, Ravit Golan Duncan na Clark Chinn walijibu kwamba wenzao wamechanganya mambo mawili: kumwacha mtoto bila mwongozo, na kumwongoza ndani ya uchunguzi.

Naona waliojibu ndio waliosomwa vibaya zaidi. Na hawakusomwa vibaya na wapinzani peke yao. Mashabiki wa mada mtambuka, zile zinazochukua swali moja na kulipitisha katika sayansi, hisabati, lugha na maarifa ya jamii kwa wiki kadhaa, wamewasoma vibaya vilevile. Wengi wao wamebaki na neno uhuru, wakalisahau neno mwongozo.

Takwimu inayorudiwa kuliko zote katika mabishano haya ni ya David Klahr na Milena Nigam, ya mwaka 2004. Walichukua wanafunzi 112 wa darasa la tatu na la nne, wakawapa mbao za mteremko na mipira. Kazi ilikuwa kupanga majaribio ya kujua ni nini kinachoufanya mpira ufike mbali: mwinuko wa ubao, urefu wa njia, ukwaruzo wake, au aina ya mpira wenyewe. Siri ya kazi kama hiyo ni kubadili jambo moja tu na kuacha mengine yote yalivyo. Kundi moja lilifundishwa siri hiyo waziwazi, jingine likaachwa liigundue. Katika kundi lililofundishwa, asilimia 77 waliimudu. Katika kundi lililoachwa, asilimia 23.

Mtu akiishia hapo, mjadala umekwisha, na wengi huishia hapo. Lakini tazama walichofanyiwa wale wa asilimia 77. Kwanza walipanga majaribio yao wenyewe, wakakosea. Kisha wakaonyeshwa majaribio mengine, mazuri na mabovu, na kila mara wakaulizwa kama jaribio lile lingemwezesha mtu kujua kwa hakika kilichosababisha tofauti. Baada ya kujibu ndipo wakaelezwa kwa nini ndiyo au kwa nini hapana. Halafu wakarudi kupanga majaribio upya. Hicho ndicho anachokifanya mwalimu mzuri wa udadisi katikati ya wiki ya kwanza ya mada yake. Kundi la pili, kwa upande wake, halikuulizwa swali wala halikuambiwa lilikosea wapi. Sijui mwalimu makini anayeandika andalio la somo la namna hiyo.

Hata hivyo takwimu hii inauma, na iume. Kama mwalimu amepanga mada nzima akiamini kwamba watoto wataokota wenyewe kanuni ya jaribio la haki, yaani ile siri ya kubadili jambo moja tu, wakiwa kwenye vikundi, basi takribani robo tatu yao wanaweza kumaliza mada bila kuipata. Na kwenye kikundi cha watoto watano hutaligundua hilo, kwa sababu yule mmoja aliyeipata ndiye atakayesimama mbele kueleza. Utampigia makofi, utasonga mbele. Kwangu mimi tarakimu hizo mbili ni maelekezo ya kupanga: mahali fulani kwenye andalio lazima kuwe na kipindi ambacho mwalimu anasimama, anafundisha jambo hilo kwa maneno yaliyo wazi, na anampima kila mtoto peke yake. Kambi ya Kirschner itasema huo ni ufundishaji wa kawaida uliobadilishwa jina. Sitabishana nao, ilimradi swali la watoto libaki kwenye ratiba.

Chukua swali lenyewe. Kwa nini madimbwi mawili ya mvua ileile hayakauki siku moja? Watoto watatoa sababu haraka: moja lina maji mengi, moja lipo kivulini, moja ni pana. Tuseme darasa linachagua upana. Maji ya kiasi kilekile, mililita 200, yanamiminwa kwenye sahani pana na kwenye gilasi nyembamba, vyote vinawekwa sehemu moja, na kila asubuhi watoto wanapima kwa rula. Hapo pana mtego. Rula itaonyesha kwamba kina cha maji kimepungua kwa milimita zinazokaribiana katika vyombo vyote viwili, kwa sababu maji huondoka kupitia uso wake, na kila kipande cha uso hupoteza kiasi kinachokaribiana. Kikundi kitaandika kwamba upana hauna maana. Kisha sahani inakauka kabisa huku gilasi ikiwa bado na maji, na kikundi kingine kitaandika kwamba sahani ilikauka kwa sababu maji yake hayakuwa na kina. Wote wawili wameona kweli, na wote wawili wamekwama.

Weka vyombo hivyo kwenye mizani, na hadithi inabadilika: sahani inapoteza gramu nyingi kuliko gilasi kila siku. Sasa darasa lina vipimo viwili vinavyotoa majibu mawili kuhusu maji yaleyale, na njia pekee ya kuyapatanisha ni dhana ya eneo. Hisabati haikuletwa kupamba mada. Imeitwa kwa sababu bila yenyewe sayansi haisogei. Na anayetakiwa kuandika maelezo yenye "kwa sababu" ndani yake, hilo ndilo somo la lugha la wiki ile, hana budi kulielewa eneo kwanza.

Ni kweli kwamba mada nyingi zinazoitwa mtambuka hazifanani na hii. Mada ikiwa "maji", watoto huimba wimbo wa mvua kwenye muziki, huhesabu matone ya karatasi kwenye hisabati, hupaka samaki rangi kwenye sanaa. Hayo ni masomo yaliyovalishwa sare moja, kila moja likiendelea na safari yake. Ripoti ya Plowden ya mwaka 1967 nchini Uingereza ilikuwa imeipa heshima kubwa elimu inayoanzia kwa mtoto na kuvuka mipaka ya masomo. Miaka 25 baadaye, mwaka 1992, Robin Alexander, Jim Rose na Chris Woodhead waliandika ripoti nyingine kuhusu shule za msingi za Uingereza, wakaonya kwamba sehemu kubwa ya kazi za mada ilikuwa vipande vipande na ya juujuu. Walikuwa na sababu. Huwezi kujenga historia au jiografia kwa kuokota tu kile kinacholingana na mada ya mwezi.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani, kwa maoni yangu, inahusu mfuatano. Hisabati ina ngazi: asiyejua kutoa hawezi kujua maji yamepungua gramu ngapi. Kusoma nako kuna ngazi zake, na mtoto anayeanza kuunganisha sauti na herufi hatakiwi kusubiri mada imletee herufi inayofuata. Kuna pia watoto wanaokuja shuleni na maarifa mengi kutoka nyumbani na wasiokuja nayo. Kazi huria humfaidi wa kwanza, kwa sababu yeye anajua tayari cha kuuliza. Haya nayakubali yote. Ndiyo maana napendekeza kipindi cha hisabati na cha kusoma vibaki na azimio la kazi lao, na mada itumie kile ambacho tayari kimefundishwa. Kupima kwa gramu na kuchora grafu ya mstari vifundishwe wiki mbili kabla sahani haijajazwa maji. Matokeo ya mwaka 2015 ya PISA, mtihani wa kimataifa unaolinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, yaliyoonyesha kwamba wanafunzi walioripoti uchunguzi mwingi darasani walipata alama ndogo za sayansi, hayanipi taabu kiasi hicho. Yale ni majibu ya vijana wa miaka 15 kuhusu wanachokumbuka kutoka darasani, na hayaonyeshi kipi kilisababisha kipi.

Watu hupenda kuitaja Finland kama nchi iliyofuta masomo. Haikufuta. Mtaala wake ulioanza kutumika mwaka 2016 unaitaka kila shule iwe na angalau mada moja ya masomo mbalimbali kwa kila mwaka wa masomo. Moja. Upande wa pili kuna programu ya shule za msingi ya International Baccalaureate, taasisi ya mitaala ya kimataifa, iliyoanzishwa mwaka 1997, ambayo watoto wake wengi hupitia mada sita kwa mwaka chini ya dhamira kuu sita. Zote mbili zinatajwa kwenye semina moja kana kwamba zinadai kazi sawa kwa mwalimu.

Utafiti ninaoupa uzito zaidi ulifanyika Michigan, Marekani, ukiongozwa na Nell Duke na Anne-Lise Halvorsen. Walimu 48 wa darasa la pili katika shule 20 za maeneo yenye kipato cha chini waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walifundisha mada nne za maarifa ya jamii kwa njia ya miradi, zikiwa na kusoma na kuandika ndani yake. Wengine waliendelea na mazoea yao, ila waliombwa kufikisha idadi iliyopangwa ya vipindi. Watoto wa miradi walipiga hatua kubwa zaidi kwa asilimia 63 katika maarifa ya jamii, na asilimia 23 katika kusoma matini za taarifa. Kwa watoto wa maeneo ambayo mara nyingi huambiwa "hawa wanahitaji misingi tu", hayo si matokeo ya kupuuza.

Kuna sehemu ya utafiti huo ambayo mashabiki huipita haraka. Katika kuandika na katika ari ya kujifunza, makundi mawili hayakuachana. Ari! Ndiyo bidhaa inayouzwa kwanza kila njia hii inaponadiwa: watoto watafurahi, watapenda shule. Kwa wastani haikutokea. Ilitokea wapi? Walimu waliofuata kwa karibu zaidi maandalio ya vipindi waliyopewa ndio ambao watoto wao walikua zaidi katika kusoma, kuandika na ari. Uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, maana huenda walimu hao walikuwa na madarasa tulivu tangu mwanzo. Lakini sioni namna ya kuusoma ukaunga mkono wazo kwamba mpango mzito huua udadisi wa mtoto. Unaelekea upande mwingine kabisa.

Andalio zito lina nini ndani? Huanzia mwishoni: mwalimu huandika kwanza kile ambacho kila mtoto atakifanya peke yake siku ya kufunga mada. Kwenye mada ya madimbwi, mtoto atapewa jedwali la jaribio asilowahi kuliona, aseme kama lilikuwa la haki na kwa nini. Bango la kikundi halitoshi, kwa sababu linaonyesha mwandiko wa mmoja na rangi za wengine. Kutoka hapo mwalimu hurudi nyuma akijiuliza ni lipi lazima lifundishwe waziwazi na siku gani, na ni matini ipi isomwe baada ya watoto kubashiri lakini kabla mizani haijatolewa. Kisha anafanya jaribio mwenyewe mezani kwake, siku zote zinazohitajika. Asipolifanya, mtego wa rula utamkuta mbele ya darasa pamoja na watoto.

Kazi hiyo haitoki usiku mmoja, na mimi lawama yangu naielekeza kwa wanaoagiza kuliko kwa wanaofundisha. Mwalimu huambiwa asiwe mhadhiri, awe mwezeshaji, kana kwamba tatizo lilikuwa tabia yake. Hapewi saa za ziada, hapunguziwi vipindi, hana mwenzake wa darasa sambamba wa kupanga naye. Matone ya karatasi yanazaliwa hapo. Halafu wakaguzi wanakuja, wanaona matone, wanaandika kwamba njia haifai.

Shule isiyoweza kutoa saa hizo ni afadhali ifanye mada moja kwa mwaka katika kila darasa, iandaliwe na walimu wawili au watatu pamoja, na ileile irudiwe mwaka unaofuata badala ya kubuniwa nyingine. Masomo mawili yanatosha. Sayansi na lugha, kwa mfano, huku hisabati ikiingia inapoitwa. Mara ya pili mizani ipo kabatini, matini imekwisha chaguliwa, na kosa la rula linajulikana kabla halijatokea, hivyo mwalimu anaweza kuliacha litokee kwa makusudi kabla ya kuagiza sahani ipimwe.