Maji kwenye mwamba uliobana: kusukuma au kulowesha?

Mwamba wa mafuta ambao upenyezaji wake (urahisi wa majimaji kupita ndani yake, unaopimwa kwa milidarsi) haufiki hata milidarsi 0.1 hauachii kitu kirahisi. Kisima kikichimbwa kwa ulalo na mwamba ukapasuliwa, mafuta huanza kutoka kwa kishindo, kisha uzalishaji huporomoka mapema. Mara nyingi zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hubaki chini. Ndipo wahandisi wanapoikumbuka tiba ya zamani: kuingiza maji ili kurudisha shinikizo na kusukuma mafuta kuelekea visima vya uzalishaji.

Wanaoitetea tiba hiyo wana shahidi mzito: eneo la mafuta la Ekofisk, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe. Chaki yake, yaani mwamba laini wa chokaa, ina vinyweleo tele lakini vipenyo vyake ni vyembamba mno (ingawa, kusema kweli, haijabana kama shale, mwamba wa matabaka ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa). Maji ya bahari yalianza kuingizwa kwa kiwango kikubwa mwaka 1987, na makadirio ya mafuta yatakayovunwa yakapanda kutoka chini ya asilimia 20 hadi karibu nusu.

Ila msukumo peke yake haukufanya kazi hiyo. Chaki ile hupenda maji. Huyanywa kutoka kwenye nyufa, na mafuta hulazimika kuwapisha wageni. Kwangu hili ndilo jambo lenyewe, na mijadala mingi hulipita ikihesabu pampu na shinikizo.

Tazama eneo la mafuta la Spraberry, Texas. Mwamba umebana, una nyufa za asili, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti walikwishaeleza kwamba unaweza kunywa maji na kutema mafuta. Maabara ilitia moyo. Ardhini, maji yalishika njia ya nyufa na kutokea kwenye visima vya jirani kabla mwamba haujanywa vya kutosha, na miongo ya majaribio ikaleta faida ndogo.

Wapinzani wana zaidi ya hilo. Sehemu nyingi za shale hupenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo hazinywi. Udongo wa mfinyanzi ulio ndani ya mwamba huweza kuvimba ukikutana na maji yenye chumvi kidogo na kuziba vipenyo ambavyo tayari ni haba. Hata Ekofisk ililipa gharama: shinikizo lilirudi, lakini chaki iliyolowa hudhoofika, na sakafu ya bahari iliendelea kuzama kwa miaka.

Kuna njia ya kati: kuingiza maji kwenye kisima kilekile, kukifunga kwa wiki kadhaa mwamba unywe, kisha kukifungua. Hapo maji hayana kisima jirani cha kukimbilia, na dawa za jamii ya sabuni zinaweza kuushawishi mwamba unaopenda mafuta unywe maji. Gharama yake ni muda ambao kisima hakizalishi.

Mimi nisingenunua pampu kabla sampuli za mwamba hazijalowekwa maabara na mwelekeo wa nyufa haujachorwa. Sampuli zikikataa maji, afadhali fedha ziende kwenye kuingiza gesi badala ya maji, kama walivyofanya baadhi ya wazalishaji wa Eagle Ford, eneo la shale huko Texas.