Mahindi yapo, mikono haipo

Iringa, Njombe na Rukwa hulisha nchi, na ndiyo mikoa iliyoongoza kwa udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa lishe duni, katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022. Iringa ni karibu watoto 57 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano. Wastani wa Tanzania ni 30. Kwa hiyo tunaambiwa tatizo si umaskini, ni elimu ya lishe: chakula kipo, mama hajui kupanga mlo.

Hoja hiyo haikutoka hewani. Mayai hupelekwa gulioni huku mtoto akinywa uji mweupe wa sembe, na wapo waliodumaa hata kwenye nyumba zisizo na shida ya pesa.

Ila mfuate mama huyo siku moja ya palizi, au siku ya kibarua cha kuchuma chai kinacholipwa kwa kilo. Anatoka alfajiri. Wa miezi minane anabaki na dada yake wa miaka saba, na uji wa asubuhi ndio huohuo hadi jioni, umepoa na kuganda. Tumbo la umri ule linataka kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Mama anajua, kliniki walimwambia. Na yale mayai ndiyo sabuni, daftari na nauli ya kwenda zahanati.

Guatemala walijaribu njia nyingine kati ya 1969 na 1977. Katika vijiji viwili, watoto walipewa bure uji wenye protini, mara mbili kwa siku, kituoni. Katika viwili vingine wakapewa kinywaji kitamu tu. Walipofuatiliwa ukubwani, wanaume waliokunywa uji ule kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa wakilipwa kwa saa karibu asilimia 46 zaidi. Arobaini na sita! Si mtaji wala digrii, ni kikombe cha uji. Wanawake hawakuona nyongeza hiyo ya malipo, ingawa walisoma madarasa zaidi. Hilo ni la soko la kazi, si la tumbo. Ninachokiona mimi ni kwamba uji ulipikwa na mtu mwingine.

Kwetu, semina ya lishe ikiitishwa saa nne asubuhi, mama yule yuko katikati ya mistari ya chai, kapu mgongoni. Anayehudhuria ni jirani asiye na kibarua.