Kiti cha Patriaki kilivyoachwa kitupu Urusi

Wakitajwa watawala wa Urusi waliolitia kanisa mkononi mwao, wengi humtaja kwanza Ivan wa Nne. Mkatili alikuwa kweli. Mwaka 1568 Metropoliti Filipp, mkuu wa kanisa la Urusi wakati huo, alimnyima baraka hadharani, ndani ya kanisa kuu la Kremlin, kwa sababu ya damu ambayo askari wake walikuwa wakiimwaga. Filipp akavuliwa cheo, akafungwa katika monasteri ya Tver, na mwaka uliofuata akauawa humo humo. Lakini Ivan alifaidi nini? Waumini walimheshimu Filipp kama mtakatifu, na mwaka 1652 masalia yake yaliletwa Moscow, Tsar (mfalme) Aleksei akiomba msamaha kwa ajili ya Ivan.

Aliyelishinda kanisa, kwa maoni yangu, ni Peter Mkuu, tena bila kumuua patriaki (mkuu wa kanisa la Othodoksi) yeyote. Patriaki Adrian alipofariki mwaka 1700, Peter hakuruhusu mwingine achaguliwe. Alimteua Stefan Yavorsky akaimu, kisha akaacha miaka ipite, zaidi ya ishirini. Huku nyuma, kuanzia 1701, mapato ya ardhi za monasteri yalisimamiwa na ofisi ya serikali. Mwaka 1721 ikatoka Kanuni ya Kiroho, iliyoandikwa na Askofu Feofan Prokopovich, na mahali pa patriaki pakachukuliwa na baraza, Sinodi Takatifu. Kanuni yenyewe haikuficha sababu: watu wa kawaida wakiiona fahari ya patriaki watadhani ni mfalme wa pili. Wajumbe wa Sinodi waliapa kwamba hakimu wao wa mwisho ni Tsar. Mwaka 1722 wakawekewa prokurata mkuu, mlei wa kuwa jicho la Tsar. Wa kwanza, Ivan Boltin, alikuwa kanali wa jeshi.

Hayo yote ni mambo ya vyeo na mali, na kanisa laweza kuyapoteza likabaki kanisa. Linaloniumiza mimi ni la maungamo. Tangu 1716 kila Mwothodoksi alilazimika kuungama walau mara moja kwa mwaka. Kasisi aliandika majina ya waliokosa, nao wakatozwa faini. Kisha mwaka 1722 kasisi akaamriwa kwamba, akisikia katika maungamo mpango wa uhaini ambao mtu hataki kuuacha, aende akatoe taarifa. Hebu fikiria: sheria inakuleta kwa kasisi kwa nguvu, na sheria hiyo hiyo inamwagiza akuripoti. Mahali pekee ambapo mkulima aliweza kumwaga ya moyoni mbele ya Mungu, serikali nayo ikatega sikio. Maaskofu wakakubali. Hilo silioni kuwa dogo hata kidogo.

Malkia Catherine wa Pili alimalizia upande wa mali. Mwaka 1764 alitwaa ardhi za kanisa pamoja na wakulima wake, wanaume peke yao wakikaribia milioni moja, na monasteri nyingi zikafungwa. Metropoliti Arseny wa Rostov alipinga kwa sauti. Alivuliwa uaskofu, baadaye hata utawa, akafia kifungoni Reval (Tallinn ya leo) mwaka 1772. Maaskofu wenzake, waliokaa Sinodi, ndio waliomhukumu.

Wapo wanaoutetea mfumo huu kwa kusema ni urithi wa Byzantium, dola ya Kikristo iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, dola na kanisa wakienda pamoja. Siukubali utetezi huo. Konstantinopoli, hata makaisari walipowaonea mapatriaki, kiti chenyewe kilibaki na mwenyewe. Urusi kilikaa kitupu hadi Tikhon alipochaguliwa Novemba 1917, baada ya Tsar kuanguka. Tikhon akafariki 1925, na Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka, wakazuia mrithi asichaguliwe.

Septemba 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Stalin aliwaita maaskofu watatu Kremlin usiku. Siku nne baadaye maaskofu 19 walimchagua Sergius kuwa patriaki. Baraza jipya la serikali la kulisimamia kanisa lao akakabidhiwa Georgy Karpov, ofisa wa usalama wa taifa.