Ramani Haitoshi: Ukuu wa Riwaya za Fantasia

Wapenzi wa fantasia wakitetea riwaya iliyodumu, husifu kwanza ulimwengu wake: ramani, nasaba za wafalme, lugha za kubuni. Wana hoja. J.R.R. Tolkien alianza kubuni lugha zake miongo kadhaa kabla ya The Lord of the Rings kutoka mwaka 1954 na 1955, na msomaji huhisi kwamba kila gofu lina historia ambayo hakusimuliwa.

Ila ramani zimechorwa nyingi tangu hapo, na riwaya zake zimesahaulika. Kwangu mimi, nguvu ya kitabu kile iko kwenye ufa wa mlima wa moto. Frodo, mhusika mkuu, aliyeibeba pete yenye nguvu za uovu safari nzima ili akaiangamize humo, anafika na kukataa. Anaivaa, anasema ni yake. Inaangamia kwa sababu Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki, anaing'ata pamoja na kidole, kisha anaanguka nayo. Na Gollum yu hai kwa kuwa aliwahi kuhurumiwa. Shujaa ameshindwa, huruma ya zamani ndiyo imeokoa. Ursula K. Le Guin naye, katika A Wizard of Earthsea (1968), anamwacha Ged, mchawi kijana, afungulie kivuli kiovu kwa majivuno ya ujana tu, halafu kimwandame hadi akiite kwa jina lake mwenyewe. Katika vitabu vyote viwili, anayegusa nguvu anailipia; malipo hayo ndiyo kipimo changu cha ukuu.

Michael Moorcock, naye mwandishi wa fantasia, hakushawishika na Tolkien. Mwaka 1978 aliishambulia fantasia ya aina ya Tolkien kuwa ni bembelezi za kumtuliza msomaji. Kuhusu kurasa za mwanzo, zenye vijiji salama na karamu, simpingi sana. Lakini Frodo anarudi kwenye kijiji hichohicho na hawezi kuishi humo; jeraha haliponi, anaondoka kwa meli. Bembelezi gani hiyo?

Anayenisumbua zaidi ni mwandishi Mwingereza Mervyn Peake. Riwaya yake Titus Groan (1946) haina uchawi hata chembe, ni kasri kubwa na taratibu zake zilizopitwa na wakati, na bado wengi huiweka miongoni mwa fantasia kuu. Kipimo changu cha malipo hakimfikii. Kinachombeba ni sentensi zake, nzito na za ajabu, na hapa Le Guin ananisaidia: katika insha ya 1973 alidai kwamba mazungumzo ya fantasia yakiweza kuhamishiwa kwa wanasiasa wa leo kwa kubadili majina machache tu, basi fantasia haikuwemo. Kwa Peake, zoezi hilo linakwama kwenye ukurasa wa kwanza.