Zoro Mwenye Mtoto wa Jicho

Mimi ni mtu mzima mwenye kazi, madeni na Zoro. Kazi na madeni watu wananivumilia. Zoro ndiye anayenigombanisha na ukoo.

Kwa asiyemjua, Roronoa Zoro ni mpiga upanga wa One Piece, hadithi aliyoanza kuichora Eiichiro Oda mwaka 1997 na mpaka leo hajaimaliza. Anapigana kwa panga tatu: mmoja kulia, mmoja kushoto, wa tatu ameung'ata kwa meno, na bado anatukana vizuri tu. Jicho la kushoto limefumba, lina kovu. Halafu hana dira kabisa kichwani. Mwambie nyoosha moja kwa moja, utamkuta kaunta upande wa pili wa mji. Hapo ndipo tulipoelewana.

Kuagiza sanamu zake Japani nilishaacha. Bei ya kitu chenyewe huwa haina neno, kinachoua ni nauli, na nauli ikikuacha unapumua ushuru unamalizia. Nikajiwekea sheria: nanunua kilichokwisha kufika, cha mkono wa pili, au kinachotengenezwa na fundi ninayeweza kumfikia kwa miguu.

Sheria nzuri. Nikaanza nayo vibaya.

Tangazo la kwanza lilisema sanamu ya Zoro, imetumika kidogo, 1/8. Hiyo 1/8 maana yake umegawa urefu wa mhusika kwa nane. Zoro ana sentimita 181 baada ya ile miaka miwili ya mazoezi kwenye hadithi, kwa hiyo nilitarajia kama sentimita 22 na nusu. Nikapangua rafu, nikapima, nikampa nafasi ya kupumua. Kilichofika kilienea kwenye mfuko wa shati. Kinanuka petroli, ngozi inameremeta kama kapakwa mafuta ya kula, rangi ya kijani ya mkanda wa tumbo imemwagikia upanga. Sanduku hakuna, hivyo hata kile kistika kinachong'aa cha Toei Animation, kinachoonyesha kitu ni halisi, sikuwa na pa kukitafutia.

Upanga wenyewe ulikuwa umepinda. Hilo lina dawa: PVC, ile plastiki ya sanamu, ikiingia maji ya moto inalainika, unainyoosha kwa vidole, unaitumbukiza kwenye maji baridi inakaza. Nikamtumbukiza. Simu ikaita. Niliporudi upanga ulikuwa bado umepinda, na Zoro naye kainama mpaka kiunoni kama anayetafuta sarafu chini ya kitanda. Nikamkaza hivyohivyo.

Tangu siku hiyo nikawa mtaalamu wa bidhaa feki. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Mimi kila ung'ongo niliuandikia ripoti. Mpwa wangu, anayekaa kwangu na kula kwangu, akaanza kuniita Mjomba Inspekta.

Basi nikampata binti mmoja anayechora mwenyewe, kwa mkono wake, halafu anachapa picha zake kwenye vibao vya akriliki, plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, na kuvikata kwa leza. Hivi ndivyo ninavyompendekezea kila mwenye mfuko kama wangu. Kibao ni bapa, chepesi, kinasimama kwenye kitako chake, na hela yako inakwenda kwa mchoraji badala ya kwenda kwa ndege. Safari hii nilijifanya mjanja, nikamwambia nipigie picha na rula pembeni. Akapiga. Sentimita 15 kamili. Nikalipa huku najisifu.

Kikafika kwenye bahasha. Nikakishika kwenye mwanga.

Ukungu mtupu. Zoro alikuwa na mtoto wa jicho, tena siyo kwenye jicho lile la kovu, kwenye lile zima. Mikwaruzo kifuani, mikwaruzo usoni, weupe mweupe kila mahali.

"Labda yuko kwenye ukungu, Mjomba," mpwa wangu akasema. "Amepotea tena."

Nikamfuta kwa kitambaa. Nikamwosha kwa sabuni. Nikakumbuka kuna watu wanang'arisha taa za magari kwa dawa ya meno, nikaleta dawa ya meno na mswaki wa zamani, nikakaa kitako nikasugua kwa dakika arobaini.

"Mjomba, unampigisha mswaki?"

"Namsafisha."

"Na upanga mdomoni?"

Nilitaka kumalizia kwa spirit, bahati chupa ilikuwa tupu, maana spirit na akriliki haviivi chungu kimoja: inaacha nyufa nyembamba kama za kioo cha simu. Kwa hiyo nikakagua. Hapo nikagundua, kwenye ukingo wa juu karibu na jicho zima, kitu chembamba kimeanza kunyanyuka. Damu ikanichemka. Picha inabanduka! Hata wiki haijaisha! Nikachukua gundi kali, ile ambayo ukikosea unatembea na vidole viwili vimeshikana, nikadondosha tone moja chini ya ule ukingo, nikabana nikihesabu mpaka sitini. Ikashika barabara.

Kisha nikaandika malalamiko. Aya sita. Niliandika "uchapaji duni" mara tatu, na mahali fulani niliandika "sisi kama wateja" ingawa nilikuwa peke yangu. Binti akajibu mstari mmoja: "Pole sana kaka, nina meza kwenye mkusanyiko wa mashabiki Jumamosi, njoo nacho nikione."

Nilikwenda na kibao, bahasha, rula na tochi. Foleni kwenye meza yake ilikuwa ndefu, nyuma yangu kasimama kijana aliyevaa kofia ya majani kama Luffy, nahodha wa Zoro. Zamu yangu ilipofika nilizungumza kwa sauti ya kusikika, ili wenzangu nao wanusurike. Nikawasha tochi. Nikaonyesha ukungu. Nikaonyesha mikwaruzo, ambayo sasa naamini mingi ilikuwa ya mswaki wangu.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Akamgeuza Zoro, akaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye unyayo, akavuta.

Krrrrrrr.

Ikabanduka nailoni nzima, kuanzia viatu kwenda juu. Zoro akatokea chini yake aking'aa kama maji ya kisimani, kila uzi wa mkanda unaonekana.

"Kaka," alisema taratibu, "hii ni nailoni. Inawekwa ili visikwaruzike njiani. Kama ya simu mpya."

"Aa," nikasema.

"Na nyuma ipo nyingine."

Luffy alilazimika kukaa chini.

Halafu nailoni ikagoma. Ilikuwa imefika usoni, kwenye jicho lile zima, haiendi. Binti akavuta, akakwangua, akainamisha kichwa, akanusa.

"Hapa pana nini?"

"Gundi."

"Na hii harufu ya mnanaa?"

Sikujibu. Alikata nailoni kwa mkasi kuzunguka pale ilipoganda, na Zoro akabaki na baka jeupe la ukubwa wa dengu juu ya jicho pekee alilokuwa nalo. Mtoto wa jicho wa kweli sasa, nimempandikiza mwenyewe.

Nilinunua mwingine palepale, bila kuuliza bei. Binti alipotaka kunibandulia nikamwambia asante dada, hapana, nitabandua mwenyewe nyumbani.

"Usisahau nyuma!" ikaitikia foleni nzima.