Anza na Stopa, Shokapu Baadaye

Ukipeleka Land Cruiser inayogonga nyuma kwenye gereji nyingi za Arusha, swali la kwanza utakaloulizwa ni unataka shokapu za kampuni gani. Mimi naona kazi huanza kuharibika hapo hapo. Chini ya chasisi, juu kidogo ya ekseli, kuna raba nyeusi iliyofungwa kwa bolti moja au mbili, kazi yake kuizuia ekseli isigonge chasisi inapopanda. Wengine tunaiita stopa, wengine hawana jina lake kwa sababu hawajawahi kuitazama. Sehemu ya nyuma ya gari la porini inatakiwa ipangwe kuanzia kwenye raba hiyo. Shokapu huja mwisho, na urefu wake hutokana na vipimo, si na sifa za dukani.

Shokapu kazi yake ni kuzuia springi isirukeruke. Pistoni inasukuma oili ipite kwenye matundu madogo, mwendo unageuka joto, basi. Haikutengenezwa kupokea uzito wa gari linapodondokea korongoni. Ikifunga hadi mwisho kabla ekseli haijafika kwenye stopa, kipigo chote kinaingia ndani yake: fimbo inapinda, sili inaanza kuvuja, au masikio yanayoishikilia kwenye chasisi yanachanika na fundi anaitwa kuchomelea. Wiki mbili baadaye mwenye gari anaapa kwamba shokapu za siku hizi ni feki. Feki zipo, sikatai. Ila nyingi ninazoziona zimekufa ni spea halisi zilizofanyishwa kazi ya stopa.

Tatizo hili tunalitengeneza wenyewe tunapoinua magari. Land Cruiser 79 ilipotoka mwaka 1999 ilipewa springi za koili mbele, lakini nyuma ikabaki na springi za majani, na hadi leo iko hivyo. Gari la watalii likishakatwa chasisi na kurefushwa, likawekewa viti, friji na tenki la pili, nyuma inakaa chini. Bosi anasema ongeza jani. Jani linaongezwa, gari linainuka, kisha zinanunuliwa shokapu ndefu "zilingane na urefu mpya". Shokapu iliyo ndefu ikiwa imefunguka, mara nyingi ni ndefu pia ikiwa imefungwa. Kilichosahaulika ni kwamba stopa haikusogea. Ekseli bado inaweza kupanda hadi palepale ilipokuwa ikipanda zamani, na safari hii inakuta shokapu imeshamaliza nafasi.

Kupima si kazi ya mtaalamu wa Ulaya. Chasisi inakaa juu ya stendi imara, si juu ya jeki. Matairi yanatolewa. Springi za majani unaziachia: ama unabakiza jani kuu peke yake, ama unaziondoa kabisa na kuilinda ekseli isizunguke. Kisha unapandisha ekseli kwa jeki taratibu mpaka iguse stopa na kuibana kweli kweli, maana raba hunywea ikipigwa kwa kasi. Hapo unapima kutoka pini ya juu ya shokapu hadi ya chini. Tuseme umepata milimita 340. Shokapu utakayofunga, ikiwa imejifunga kabisa, iwe fupi kuliko hapo kwa milimita 15 hadi 25. Kama uliyonayo mkononi inaishia 355, huna haja ya kubishana na mtu: ama unatafuta nyingine, ama unashusha stopa kwa kuiwekea kipande cha chuma cha milimita 30 hivi na bolti ndefu zaidi. Kipande hicho kinagharimu kidogo mno ukilinganisha na jozi ya shokapu.

Ukimaliza pande zote mbili pamoja, shusha upande mmoja na uinue mwingine. Wengi huruka hatua hii. Stopa ikiwa karibu na katikati ya gari kuliko shokapu, ekseli ikiinama huigeuza stopa kuwa egemeo, na upande wa nje unaendelea kupanda ingawa raba imeshabanwa. Shokapu hapo inafunga zaidi kuliko ulivyopima mwanzo. Ukiwa bado chini ya gari, angalia na tairi kama linagusa madigadi, propela (shafti inayozungusha ekseli) kama inakaribia tenki, na shakeli ya springi, kile kiungo kinachobembea kati ya ncha ya springi na chasisi, kama inalala na kugonga chasisi. Jani likinyooka hurefuka, shakeli hurudi nyuma, na ikikosa pa kwenda inakuwa stopa ya chuma kwa chuma. Mlio wake dereva atakuambia ni shokapu.

Kwa upande wa kushuka, acha springi yenyewe iamue. Ekseli ikining'inia, shokapu ibakiwe na nafasi kidogo ya kufunguka. Ikiwa ndiyo inayoshikilia uzito wa ekseli hewani, kila tuta linaivuta sikio. Na mpira wa breki unaokwenda kwenye ekseli usitanuke hata kidogo. Nimeshaona gari limeinuliwa vizuri, limepakwa rangi hadi chini, na mpira wa breki umekaza kama kamba ya ngoma.

Sasa kuna hawa wanaokata stopa. Hoja yao ni kwamba gari "linyumbuke" zaidi, na mara nyingi wamevutiwa na picha za Rhino Charge, yale mashindano ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989. Kule magari yanapita mabonde na mawe yakitafuta njia fupi kati ya vituo, na mengi yameundwa kwa ajili ya siku hiyo. Gari lako linabeba wageni saba na mizigo yao kila wiki. Ukiondoa stopa, majani yanapinda kuelekea upande wa pili, upinde unageuka, na jani kuu linakatika, mara nyingi karibu na senta bolti, ile inayofunga majani pamoja katikati. Siyo kunyumbuka huko.

Kingine kinachonikera ni kupima gari likiwa tupu. Nafasi kati ya ekseli na stopa ipimwe gari likiwa limeshiba: matenki yamejaa, maji yapo, watu wamekaa, tairi ya akiba iko mahali pake. Mimi nikiona imebaki chini ya sentimeta 7, sizungumzii shokapu tena, nazungumzia springi au uzito. Mara nyingi jibu sahihi ni kupunguza mzigo ulio nyuma ya ekseli, na hilo bosi hataki kulisikia.

Kwenye barabara za mikunjo, vile vituta vidogo vinavyofuatana kama bati, ndiko mambo yanapogeuka kinyume na wengi wanavyodhani. Ile njia ya kushuka kutoka Ngorongoro kuelekea Naabi, geti la Serengeti, inajulikana kwa kila dereva wa utalii. Gari linagonga nyuma, basi hitimisho linakuwa shokapu ni laini, tufunge ngumu. Lakini shokapu ngumu mno wakati wa kufunguka hairuhusu ekseli irudi chini kabla ya mkunjo unaofuata. Inapanda kidogo, hairudi yote, inapanda tena, hairudi yote. Baada ya mita chache gari limeshuka lenyewe na linatembea juu ya stopa. Ukifunga ngumu zaidi, linashuka haraka zaidi. Dawa yake hapo ni kulegeza ule upande wa kufunguka, na kupunguza upepo wa matairi kidogo.

Shokapu za nyuma kwenye pikapu nyingi hulala, moja ikielekea mbele ya ekseli na nyingine nyuma, ili ekseli isijisokote gari linapovuta. Hilo ni jambo zuri. Baya ni fundi anapochomelea masikio mapya na kuzilaza zaidi ili shokapu ndefu ipate kuingia. Ikilala digrii 30 kutoka wima, nguvu inayoifikia ekseli inabaki kama robo tatu. Ikifika digrii 45 inabaki nusu. Umenunua shokapu kubwa ukaifunga ifanye kazi ya ndogo.

Namna ya kujua kama mpangilio umekaa sawa haihitaji kompyuta. Funga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, ikigusa mwili wake, halafu endesha kawaida. Ukirudi utaikuta imesukumwa hadi pale shokapu ilipofika. Paka grisi kidogo kwenye bamba la ekseli linalopokea stopa: ikihamia kwenye raba, imegonga, na unataka igonge mara mojamoja kwenye korongo kubwa, si kila kilomita. Bamba likiwa linang'aa na rangi yote imetoka, gari hilo linaishi juu ya stopa. Na ukisimama baada ya mikunjo mirefu, sogeza mkono karibu na kila shokapu, usiikamate maana inaunguza. Iliyo baridi wakati mwenzake inachoma haifanyi kazi, hata kama haivuji tone.

Dereva mmoja aliyekuwa amekuja na gari la kampuni alinisikiliza yote haya kisha akacheka: "Kaka, bosi wangu akisikia gari linalala gereji siku nzima kwa ajili ya raba, atanifukuza." Nikamwambia amwoneshe ile grisi.

Wapo wanaouliza kuhusu stopa za haidroliki, zenye oili na gesi ya naitrojeni, zinazotumika kwenye magari ya mbio za jangwani kama Baja 1000 ya Meksiko. Ni kitu kizuri sana kwa gari linaloruka. Kwa gari la watalii lisilopaswa kuruka, raba ya povu inayoanza laini na kuishia ngumu inatosha, na ile ya kiwandani inatosha pia kama haijapasuka. Fedha iliyobaki nunua mpira wa breki mrefu na yu-bolti mpya (zile zinazobana springi kwenye ekseli), na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza.