Bibi asiyewahi kushika penseli, na kipimo cha kumbukumbu

Kipimo cha kumbukumbu kinachojulikana zaidi duniani, MMSE, kilitungwa Marekani mwaka 1975 na Folstein na wenzake. Kina alama 30. Mzee anaulizwa leo ni tarehe ngapi, atoe 7 kwenye 100, kisha aendelee kutoa 7, asome amri iliyoandikwa na kuitii, aandike sentensi, anakili michoro miwili yenye pembe tano iliyopishana. Mkalishe mbele ya maswali hayo bibi wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani. Ataanza kupoteza alama kabla hujaigusa kumbukumbu yake. Bibi huyo huyo anakurudishia chenji sokoni bila kukosea, na anakutajia nani kamzaa nani katika ukoo mzima.

Ndiyo maana watafiti wa demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, barani Afrika wamegawanyika kwa muda mrefu: tuwapime wazee wetu kwa vipimo vya dunia, au tutunge vyetu?

Wanaotetea vipimo vya dunia wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Sayansi inahitaji kulinganisha. Utafiti uliowafuatilia Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulitumia chombo kimoja pande zote mbili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa Ibadan wagonjwa wapya walikuwa chini ya nusu ya wale wa Indianapolis: asilimia 1.35 kwa mwaka dhidi ya 3.24. Tofauti hiyo imezaa maswali makubwa kuhusu chakula, mishipa ya damu na urithi. Kila nchi ingekuwa na chombo chake, tusingejua hata kwamba kuna la kuuliza. Halafu kuna dawa. Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ilijaribiwa kwa watu waliopata kati ya 22 na 30 kwenye MMSE. Asiyesomeka kwenye mizani hiyo hayumo kwenye jaribio, na tutakuja kuambiwa dawa inafanya kazi kwa watu ambao sisi hatukuwa miongoni mwao.

Upande wa pili nao hauongei hewani. Hai kwenyewe, watafiti waliwapitia watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi na kukuta demensia kwa kiwango cha asilimia 6.4, baada ya kurekebisha umri. Kazi iliyofuata, ya mradi wa IDEA uliounganisha Hai na Nigeria, ilitoa kipimo kifupi cha alama 15 kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee anataja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, anaeleza daraja ni nini, anakumbuka orodha ya maneno baada ya muda, na mahali pa penseli pamewekwa njiti za kiberiti: anapanga umbo aliloonyeshwa. Naipenda njiti ile. Inapima kile kile kilichokusudiwa na mchoro, yaani jicho na mkono kushirikiana kujenga umbo, bila kumwadhibu mtu kwa shule ambayo hakupelekwa.

Lakini hapo ndipo ninapowaomba wenzangu wa upande huu wasishangilie mapema. Kwanza, kipimo chepesi hakimkamati mwalimu mkuu mstaafu aliyeanza kuteleza. Atapata alama nzuri na kurudishwa nyumbani, huku mkewe akijua kabisa kuna kitu kimebadilika. Pili, na hili linanisumbua zaidi, elimu ndogo haivurugi kipimo tu. Tume ya jarida la Lancet inaihesabu miongoni mwa vihatarishi vya ugonjwa wenyewe, ambavyo katika ripoti ya 2024 ni 14. Tukirekebisha alama mpaka tofauti ya waliosoma na wasiosoma ipotee yote, huenda tunafuta pia sehemu ya ugonjwa ulio kweli, na wanawake walionyimwa shule utotoni wataumizwa mara ya pili kwa kutohesabiwa.

Kuna jambo jingine ambalo kipimo peke yake hakilimalizi. Ili kusema mtu ana demensia, ni lazima ionekane kuwa shughuli zake za kila siku zimeathirika, na hilo huulizwa kwa familia. Kwetu mama mkwe akizeeka hupumzishwa. Hapiki, hatumwi dukani, hashiki pesa. Mkamwana akiulizwa kama bibi bado anaweza kupika, atajibu kwa heshima kuwa kupika si kazi yake tena. Maswali yenye maana zaidi ni kama bado anaombwa ushauri, kama bado anasuluhisha ugomvi, kama watu wameanza kumpita kimya kimya kwenye vikao vya ukoo.

Wapo wanaosema tusiwapime kabisa, kwa kuwa tiba hakuna. Siwaungi mkono. Sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na hata masikio yasiyosikia vizuri vinaweza kufanana na demensia, na vyote vina la kufanywa. Hai hiyo hiyo ilijaribiwa tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili kwa mazungumzo na shughuli za pamoja, na wazee walipata nafuu. Tena katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, jina la kitabibu kwa bibi anayetangatanga usiku na kusema peke yake linaweza kuwa kinga yake.

Kwa maoni yangu, zahanati ianze na kipimo kama kile cha Hai, na afisa tabibu afundishwe kukitumia na kuisikiliza familia. Hospitali ya rufaa itumie vipimo vya dunia, lakini kwa viwango vilivyopatikana kwa kuwapima wazee wa hapa wenye afya, waliosoma na wasiosoma. Kazi hiyo ya kupata viwango ni ghali, inachosha, na wafadhili hawaioni kuwa ugunduzi. Ndiyo inayopaswa kulipiwa kwanza.